Kicheko Nacho ni Jasho

Mkulima wa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, hulipima jasho lake kwa magunia aliyovuna. Je, mchekeshaji alipime lake kwa kitu gani?

Mtazame marehemu Amri Athumani, maarufu King Majuto. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akapanda jukwaani angali mtoto mwaka 1958, na baadaye akavuma katika filamu za video. Kwa takribani miaka 60 alituchekesha. Hata hivyo, alipougua mwaka 2018, mikataba yake ya kazi ilizua mjadala hadi Serikalini. Alifariki Agosti 8 mwaka huo, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili.

Basi, tunapocheka, tukumbuke kuwa msanii naye ni mfanyakazi. Astahili ujira wa haki angali hai.