MOTOKAA IKIGONGA MBELE: Kazi Unayoiweza Nyumbani na Ile Usiyoiweza

Wenye motokaa wengi, wakisikia mlio wa ko-ko-ko upande wa mbele, huongeza sauti ya redio wakaendelea na safari. Nami nilikuwa mmoja wao. Kwa muda wa miezi miwili motokaa yangu iligonga kila ilipopita tuta, nikajiambia kwamba ni uzee tu. Mwishowe niliipeleka kwa fundi mmoja, naye akabadilisha shokamzoba zote mbili za mbele kwa fedha nyingi, walakini mlio haukwisha.

Jioni moja nilitoka Thika pamoja na watoto wangu, nikafuata barabara kuu hata Ruiru, kisha nikaingia njia ya vumbi ipitayo kando ya mashamba ya kahawa. Hapo, tukienda mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, gurudumu la kushoto lililala ubavu kama mguu uliovunjika. Boljointi, yaani kile kichwa cha mviringo kizungukacho ndani ya kikombe chake, ilikuwa imechomoka. Dakika kumi tu kabla ya hapo tulikuwa katika barabara kuu, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, malori mbele yetu na malori nyuma yetu.

Mjini Thika kuna kiwanda cha kuunganisha magari tangu miaka ya 1970. Kilianza kwa jina la Leyland Kenya, na sasa chaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Mzee mmoja aliyefanya kazi humo ndiye aliyeitazama motokaa yangu. Aliniambia, "Mwanangu, ulinunua shokamzoba kabla ya kujua kilichokuwa kibovu." Kisha akanionyesha jinsi ya kukagua mwenyewe. Ndiyo nipendayo kuwaeleza wasomaji.

Yafaa kwanza tujue sababu ya viungo hivi kuchakaa upesi huku kwetu. Barabara kuu ya Nairobi hata Thika, iliyomalizika mwaka 2012 kwa hesabu ya kilomita 50 hivi, ni laini na watu huenda mbio. Lakini nyumba zetu nyingi hufikiwa kwa njia za murram zenye mashimo na matuta. Viungo vilivyopigwa asubuhi katika mashimo ndivyo vinavyotumainiwa baadaye katika mwendo wa mbio. Tena motokaa zetu nyingi zimekwisha kutumika Japani kabla ya kuja hapa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza iliyozidi miaka 8 tangu kuandikishwa, lakini hata miaka 6 au 7 yatosha kuukausha mpira, na mpira huchakaa hata motokaa ikiwa imesimama.

Katika motokaa ndogo nyingi springi na shokamzoba zimeunganishwa katika nguzo moja. Umbo hili lilibuniwa na mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson. Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, ilikuwa na nguzo za namna hiyo mbele. Chini ya nguzo kuna mkono wa chuma ulioshikwa kwa bushi za mpira upande wa ndani, na kwa boljointi upande wa gurudumu. Pia kuna fimbo ya kusawazisha motokaa ikikata kona, nayo hushikwa kwa linki mbili fupi.

Sasa ukaguzi. Kwanza, bonyeza pembe moja ya mbele kwa nguvu, kisha uachilie. Ikipanda na kutulia, shokamzoba ni nzima. Ikirukaruka, au ukiona mafuta yametiririka juu ya bomba lake, imekwisha. Pili, sikiliza. Mlio mwepesi katika mashimo madogo mara nyingi ni linki. Kishindo kimoja unapofunga breki mara nyingi ni bushi za mkono wa chini. Tatu, tazama tairi. Likilika upande mmoja tu, kuna kiungo kilicholegea au magurudumu hayakunyoka.

Nne, inua gurudumu. Simamisha motokaa mahali tambarare na pagumu, vuta breki ya mkono, na uzuie magurudumu ya nyuma kwa magogo, mbele na nyuma yake. Ukiisha kuiinua kwa jeki, iegemeze juu ya stendi za chuma. Usiingie kamwe chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake, wala usitumie matofali ya saruji, maana hupasuka ghafula. Kisha shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukikoma, ubovu u katika beringi. Usipokoma, shuku boljointi. Likicheza unapolishika kushoto na kulia, tazama tairodi za usukani.

Kazi ya kuanzia ni kubadilisha linki. Legeza nati za magurudumu yakiwa bado chini, kisha inua pande zote mbili za mbele. Ukiinua upande mmoja tu, fimbo hujipinda na linki hukataa kutoka. Safisha matope, tia mafuta ya kulegeza kutu, ungoje. Zuia pini ya linki isizunguke huku ukifungua nati yake. Kabla ya kufunga mpya, iweke kando ya kuukuu uzilinganishe urefu na unene, kwa maana vipuri vya bandia ni vingi madukani.

Ukibadilisha mkono wa chini wenye bushi, angalia jambo ambalo hata mafundi wengine hulisahau. Usikaze kabisa bolti za bushi gurudumu likiwa linaning'inia. Zikazwe mwishoni, magurudumu yakiwa yamebeba uzito wa motokaa. Ukizikaza likining'inia, mpira husokotwa motokaa inaposhuka, nao hupasuka baada ya muda mfupi. Kazeni kwa spana ya kipimo, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha motokaa yenu, na pini ya kufungia nati ya boljointi iwe mpya kila mara.

Lakini kuna mahali pa kukoma. Nati iliyo katikati ya kichwa cha nguzo usiifungue nyumbani. Springi iliyo chini yake imebanwa kwa nguvu nyingi, nayo ikifunguliwa bila chombo cha kuibana huruka na yaweza kumwua mtu. Ng'oa nguzo nzima, uipeleke kwa fundi mwenye chombo hicho. Vivyo hivyo boljointi au bushi inayotaka kushindiliwa kwa mashine, usiipige nyundo.

Kazi ikiisha, endesha polepole karibu na nyumbani, kaza tena nati za magurudumu baada ya kilomita 50 au 100, kisha upeleke motokaa ikanyoshwe magurudumu. Usipofanya hivyo, tairi mpya italika upesi, na faida yote itapotea.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Boljointi yangu ingalinigharimu sehemu ndogo tu ya fedha nilizozitoa kwa shokamzoba ambazo hazikuwa na ubovu. Siku hizi, kila nibadilishapo mafuta ya injini, nainua magurudumu ya mbele na kuyatikisa. Ni kazi ya dakika 15. Nawasihi wenzangu wafanye vivyo hivyo kabla ya kuwapandisha watoto wao.