Biashara ya kitako cha keki: Kuoka au kununua?

Kila ifikapo Mei, stroberi za mashamba ya Ujerumani zinapoanza kumiminika sokoni, supamaketi za nchi hiyo huitoa bidhaa moja kwenye rafu za keki na kuipanga kando ya matunda. Bidhaa hiyo ni kitako cha keki sponji: duara la sentimita 26 hadi 28, lenye ukingo ulioinuka na bonde katikati, lililofungwa kwa plastiki. Mnunuzi huchukua kitako, kikapu cha stroberi na pakiti ndogo ya unga wa kutengenezea jeli ya juu. Akifika nyumbani hupanga matunda bondeni na kumwagia jeli, na kabla ya wageni kufika anayo keki ya kunywea kahawa ya alasiri, desturi ambayo Wajerumani wengi bado wanaishika, hasa siku za Jumapili.

Bidhaa yenyewe ni ya bei ndogo, lakini wafanyabiashara wa vyakula wana sababu ya kuitazama kwa makini. Inabeba swali linalomkabili kila mwenye mgahawa, awe Hamburg au Kariakoo: atengeneze mwenyewe, au anunue kilichokwisha tengenezwa kiwandani? Wengi hutafuta jibu kwenye bei ya unga na sukari, na hapo ndipo hesabu zao zinapoanza kupinda.

Mahitaji ya kitako kimoja ni machache. Mayai matatu, sukari gramu 125, unga wa ngano kiasi hicho hicho, na wengine hubadilisha sehemu ya unga huo kwa wanga wa mahindi ili keki iwe laini zaidi. Huongezwa bekingi poda kidogo. Mayai na sukari hupigwa mpaka viumuke na kuwa vyeupe, unga huchanganywa taratibu bila kuua povu, kisha chombo huingia kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika zipatazo 20. Mlaji hapa ananunua hewa zaidi ya kitu kingine, na hewa hiyo ni lazima mtu aipige.

Huyo mtu ndiye mwenye gharama. Kima cha chini cha mshahara nchini Ujerumani kilianza Januari 2015 kwa euro 8.50 kwa saa, na katika mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82. Mwokaji akitumia robo saa tu ya kazi ya mikono kwa kitako kimoja, yaani kupima, kupiga, kupaka siagi chombo na kuosha vyombo, tayari ameingia euro 3.20 kabla ya kuvunja yai la kwanza. Akipiga vinne kwa mkupuo mmoja katika muda huo huo, gharama ya kazi hushuka hadi senti 80 kwa kila kimoja. Hivyo anayeoka kimoja kimoja anafanya kazi ya mapenzi. Anayeoka kwa wingi na kuvihifadhi kwenye friza, ambako sponji hukaa vizuri kwa wiki kadhaa, anaweza kuanza kupambana na kiwanda. Bila friza, mashindano hayo hayapo: sponji ya kuoka nyumbani huanza kukauka siku ya pili.

Kiwanda kina njia zake. Kinatumia mayai ya majimaji yaliyopashwa moto kuua vijidudu, hivyo hakuna anayekaa kuvunja maganda. Hutia emulsifaya inayowezesha viungo vyote kupigwa kwa pamoja bila povu kuanguka. Sharubati ya glukosi huzuia ukavu, na mara nyingi kitako hunyunyiziwa spiriti kidogo kabla ya kufungwa ili kisiote ukungu. Matokeo yake ni bidhaa inayokaa rafuni kwa wiki nyingi. Ladha? Mwenye ulimi hatadanganyika. Kitako cha kiwandani ni kitamu cha wastani na mara nyingine kina harufu ya spiriti pakiti inapofunguliwa. Lakini kikilaliwa na matunda mabichi na krimu, tofauti hupungua sana, na mteja anayelipia kipande kimoja hutazama juu kwanza.

Kuna jambo moja ambalo ukavu wa kitako cha kununua unageuka kuwa sifa. Adui wa keki hii ni maji ya matunda. Pichi na nanasi za kopo zisipochujwa vizuri hulowanisha sponji laini kwa saa chache, na keki iliyolowa haikatiki wala haiuziki. Waokaji wenye uzoefu hupaka bondeni safu nyembamba ya jemu, chokoleti iliyoyeyushwa au kastadi nzito ya vanila, kisha ndipo hupanga matunda. Gharama ya safu hiyo ni ndogo ukilinganisha na keki nzima iliyotupwa jioni. Mwenye mgahawa anayeacha kuiweka katika hesabu zake anajidanganya kuhusu faida.

Upande wa hatari, yai ndilo la kuangaliwa. Mwezi Agosti 2017, dawa ya kuulia wadudu iitwayo fiproniri iligundulika katika mayai kutoka Uholanzi, na kampuni ya Aldi iliondoa mayai yote katika maduka yake ya Ujerumani kwa muda. Nchini Marekani, ambako vitako vidogo vya sponji huuzwa kwa pakiti pembeni ya stroberi kwa mbinu ile ile ya Wajerumani, mafua ya ndege yalipandisha bei ya wastani ya dazeni ya mayai hadi dola 6.23 mwezi Machi 2025. Mwokaji mdogo anayenunua mayai ya wiki hii kwa bei ya wiki hii hupigwa moja kwa moja na mishtuko ya namna hiyo. Anayenunua vitako vilivyokwisha okwa, vyenye uhai mrefu rafuni, anaweza kujiwekea akiba na kusubiri.

Kodi nayo ina maneno yake. Uingereza haitozi kodi ya ongezeko la thamani kwenye keki, sponji zikiwemo, lakini biskuti iliyopakwa chokoleti hutozwa asilimia 20. Ndiyo maana mwaka 1991 kampuni iliyokuwa ikitengeneza Jaffa Cakes ilipelekana na watoza kodi hadi kwenye baraza la rufaa, ikashinda: moja ya hoja zilizopimwa ni kwamba keki ikichacha hukakamaa, ilhali biskuti hulegea. Ujerumani hutoza asilimia 7 kwa chakula cha kubeba. Katika miaka ya 2024 na 2025, kipande kile kile kikiliwa mezani mgahawani kilitozwa asilimia 19. Katika biashara ya faida nyembamba, kiti cha mteja kiligeuka kuwa gharama.

Kwa mwekezaji mdogo anayetamani kununua hisa katika soko hili, milango si mingi. Jina kubwa la vifaa vya kuokea nchini Ujerumani ni Dr. Oetker ya Bielefeld, iliyoanzishwa mwaka 1891 kwa kuuza bekingi poda katika vipakiti vilivyopimwa tayari. Mwaka 2015 iliinunua Coppenrath & Wiese, watengenezaji wakubwa wa keki za kugandishwa. Kampuni hii ni mali ya familia na hisa zake haziuzwi kwenye soko la hisa.

Afrika Mashariki ina nafasi gani hapa? Katika kitako chenyewe, karibu hakuna. Kitako ni chepesi na kinajaza nafasi. Kontena moja la vitako ni kontena la hewa, na hakuna anayelipia nauli ya meli kwa hewa. Ndiyo maana bidhaa hii huokwa karibu na mlaji. Kinachosafiri ni vile vya juu yake. Nanasi za kopo kutoka Thika zimekuwa zikiingia Ulaya kwa miaka mingi, na tangu Julai 2024 Kenya inauza huko bila ushuru chini ya mkataba wake na Umoja wa Ulaya.

Kisha kuna ile jeli inayong'arisha stroberi. Unga wake mwingi hugandishwa kwa karajinani, kitu kinachokamuliwa kutoka kwenye mwani, na mwani huo hulimwa Zanzibar kibiashara tangu mwaka 1989, wakulima wengi wakiwa wanawake wa pwani ya mashariki na Pemba. Aina mbili ndizo zinazojulikana. Kotonii hutoa jeli ngumu inayokatika vizuri kwa kisu, na hununuliwa kwa bei ya juu. Spinosamu hutoa jeli laini inayonepa, na bei yake ni ndogo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi yanayozidi kupata joto, hivyo sehemu kubwa ya mavuno ya Zanzibar imebaki kuwa spinosamu, ikisafirishwa ikiwa imekaushwa tu kwenda kukamuliwa nje. Washindani wakubwa, Indonesia na Ufilipino, huzalisha kwa wingi unaotosha kuyumbisha bei ya dunia nzima. Mkulima wa Paje hungoja wiki kama sita kutoka kufunga mbegu kwenye kamba hadi kuvuna, na bei atakayoikuta kwa mnunuzi siku ya kupima haipangi yeye. Wanaotaka kuipata kotonii tena sasa wanajaribu kuilima kwenye maji ya kina kirefu, ambako panahitajika boti, na boti inahitaji mtaji ambao wengi wao hawana.