Mlango Usio wa Benki

Juzi nikiwa kwetu Jego, nilijiwa barazani na mama mmoja muuza samaki, simu mkononi, machozi yakimlengalenga. "Mwanangu," akaniambia, "nimejiibia kwa mkono wangu mwenyewe."

Alikuwa amepokea ujumbe kwamba akaunti yake ya benki ingefungwa asipothibitisha maelezo yake. Akabonyeza kiungo, akaona rangi na nembo anazozijua, akaandika nambari yake ya siri. Kisha akaulizwa tarakimu zilizotumwa punde hiyo kwenye simu yake, nazo akazitoa. Akiba ya msimu mzima wa kaskazi ikaanza kumegwa. Alipofika benki, aliambiwa kosa ni lake.

Hapo ndipo, ndugu msomaji, ninapotofautiana na wakubwa hao.

Waama, ukiona vyaelea vimeundwa. Tovuti ile iliundwa na mtu aliyeketi akanakili ukurasa wa benki, akauweka kwenye anwani iliyokaribia kufanana na ya kweli. Hata ile alama ya kufuli si hoja: huonyesha tu kwamba mawasiliano hayadukuliwi njiani, haisemi unayezungumza naye ni nani.

Sheria ipo. Ile ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mitandaoni ilimwekea laghai wa aina hii faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Lakini sheria humfuata mwizi, haimtangulii.

Kwa hiyo benki zisiwatumie wateja viungo kamwe, maana benki ifanyayo hivyo humzoeza mteja kumfungulia kila abishaye hodi. Maonyo nayo yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka Jego na Vanga, si kwa Kiingereza cha maandishi madogo.

Nasi tujihadhari. Anwani ya benki iandike mwenyewe. Tarakimu za siri usimpe mtu, hata akijitambulisha kuwa meneja. Na ukishateleza, usione haya: ipigie benki simu papo hapo, kwa nambari iliyo nyuma ya kadi yako, akaunti izuiwe, kisha uripoti polisi.

Mama yule alikaa kimya siku mbili, akiogopa kuchekwa. Ni katika siku hizo mbili ambapo akaunti yake ilikombwa hadi senti ya mwisho. Mwizi alifunguliwa mlango na ujumbe mmoja. Aliyemwachia nafasi ya kumaliza kazi ni aibu yetu.