Kwa Nini Harusi Inasikika Lakini Haionekani

Msomaji wa Morogoro ameniandikia kuhusu video ya harusi ya mdogo wake, iliyopigwa kwa iPhone. Kwenye simu inacheza vizuri. Akiihamishia kwenye fleshi na kuichomeka kwenye televisheni ya mama yao, MC anasikika, vigelegele vinasikika, kioo cheusi tii. Fundi wa mtaani kamwambia faili limeharibika. Anauliza kama ipo programu ya bure, isiyo na virusi, ya kuligeuza.

Faili ni zima, dada yangu. Herufi za mwisho wa jina lake, MOV, MP4 au MKV, zinataja kasha tu. Ndani ya kasha mna picha na sauti, kila kimoja kimefungwa kwa namna yake. Televisheni imefungua kasha, ikaielewa sauti, ikashindwa na picha: tangu 2017 iPhone nyingi hufunga picha kwa HEVC, na televisheni nyingi za zamani zinaijua H.264 ya mwaka 2003.

Sasa hizo HEVC na H.264 tuziite nini? Mafundi husema kodeki, na neno hilo halinipi picha yoyote kichwani. Tunalo king'amuzi, tunalo kisimbuzi, lakini yote mawili yanataja nusu ya kazi, yaani kufungua. Wahenga wametuachia kazi nzima katika methali moja: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. King'amuzi kimo mle mle, na upande wake wa pili ni kufumba. Kwa hiyo nasema mfumbo. Televisheni ya mama inang'amua mfumbo wa zamani, huu mpya haijafundishwa.

Na kufumba ni lazima. Picha moja ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, kila nukta baiti 3. Kwa picha 25 kila sekunde, saa moja ya harusi ingekula takriban GB 560. Simu huitunza kwa GB chache. Zilizobaki zimekwenda wapi?

Chukua wazee wawili wanaocheza bao barazani, nawe unamsimulia rafiki kwa simu, naye ana bao lake mbele yake. Mwanzo unamtajia mashimo yote 32, kete ngapi kila shimo. Baada ya hapo ni wazimu kuyarudia yote kila mtu anapocheza. Unasema tu: "Kacheza kutoka shimo la tatu, kaenda kushoto." Rafiki anasambaza kete zake mwenyewe, na bao lake linafanana na la barazani. Mfumbo hufanya hivyo hivyo. Picha ya kwanza hutunzwa nzima. Zinazofuata hukatwa vipande vidogo vya mraba, na kwa kila kipande huandikwa tu: chukua kile cha picha iliyopita, kisogeze nukta 6 kulia, 2 chini. Bibi harusi anapopita ukumbini, shela lake halichorwi upya, linasogezwa. Pasipolingana sawasawa huongezwa sahihisho dogo, kama kumwambia rafiki "ongeza kete moja hapo." Ukikosa kusikia hatua moja, bao lako linapotoka na kuzidi kupotoka mpaka utajiwe tena mashimo yote; ndiyo maana video iliyopata hitilafu hupakana rangi, kisha ghafla ikatakata.

Linalonifurahisha zaidi ni kwamba anayefumba hakuona mikono ya wachezaji. Ana picha mbili tu za bao, kabla na baada, naye lazima akisie nini kimekwenda wapi, akijaribu huku na huku kwa kila kipande. Anayefumbua anatii tu. Ndiyo maana video inayochezeka kwa ulaini kwenye simu ya bei nafuu inaweza kuchukua usiku mzima kugeuzwa kwenye kompyuta.

Kugeuza basi. Pakua HandBrake kutoka tovuti yake yenyewe, handbrake.fr. Fungua faili, chagua "Fast 1080p30", hakikisha mfumbo wa picha ni H.264, anza. Kama mfumbo ni sawa na tatizo ni kasha peke yake, FFmpeg, aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, hulibadilisha kwa sekunde chache bila kugusa picha, kwa amri hii: ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4. Zote mbili ni bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Video haitoki kwenye kompyuta yako, na bando halitumiki kuipandisha kwenye tovuti ya mtu usiyemjua. Hata hivyo, Mei 2017 wadukuzi waliingiza virusi katika nakala ya HandBrake ya kompyuta za Mac kwenye mojawapo ya seva za kupakulia. Watengenezaji wenyewe walitangaza na kueleza jinsi ya kuikagua.

Kila kufumba upya hupunguza ubora kidogo, kwa hiyo faili la awali usilifute.

Faili jipya likishacheza kwa mama, simamisha picha pale maua yanapomwagwa juu ya maharusi. Kila ua linakwenda njia yake, hakuna kipande cha picha iliyopita cha kusogeza, na ukitazama kwa karibu utaviona vile vimraba.