Mashine Ikizimika Ghafla: Taarifa Gani Humfanya Fundi Asadiki?



Siku hizi mitambo mingi ya viwandani na mashambani inaongozwa na kompyuta. Mizani ya kupimia majani ya chai, mashine ya kuandika saa za kuingia na kutoka kazini, mtambo wa kujaza chupa: ndani ya vitu hivi mara nyingi mna kompyuta ndogo. Ikizimika ghafla, kilo za mchumaji zaweza kupotea au zamu nzima ikasimama, na swali la kwanza la msimamizi huwa, "Nani alikuwa akiitumia?" Kwa hiyo ni faida kwa kila mfanyakazi kuelewa kosa la namna hii linatokeaje, na jinsi ya kulitolea taarifa, ili lawama ifike mahali pake na mtambo utengenezwe.

KIINI CHA KOMPYUTA

Ndani ya kompyuta mna programu nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja. Iliyo juu ya zote ni ile inayogawa kazi. Ndiyo inayoamua programu ipi ifanye kazi sasa na ipi ingoje, ipi ipewe nafasi kiasi gani katika kumbukumbu, na ipi iruhusiwe kugusa diski au mtandao. Mafundi huiita keneli, yaani kiini cha mfumo.

Programu ya kawaida ikiharibika, keneli huifunga na nyingine huendelea na kazi. Lakini keneli yenyewe ikikosea, hakuna aliye juu yake wa kuirekebisha. Mara nyingi huisimamisha kompyuta nzima kwa makusudi, kwa sababu ni afadhali kazi isimame kuliko kuendelea na hesabu mbovu na kuziandika juu ya zile nzuri. Kabla ya kusimama hujaribu kuandika kwenye kioo maneno ya kueleza ilikuwa wapi na ikifanya nini. Maneno hayo kwa mtumiaji ni fujo tupu, lakini kwa fundi ni ushahidi.

Keneli inayojulikana sana ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Ufini. Ndiyo inayoendesha simu za Android ambazo wengi wetu tunazo mfukoni, na vifaa vingi vya viwandani. Watengenezaji wake wametawanyika duniani kote. Hawawezi kuja kuiona mashine yako. Wanachokiona ni taarifa yako tu.

MKASA WA TYLER

Yako makosa yanayotokea mara moja yakapotea. Yako mengine ambayo ukifuata hatua zile zile yanarudi. La kwanza ni uvumi. La pili ni kitu ambacho fundi anaweza kukishika mkononi. Tofauti hiyo yaweza kuwa ni uhai wa mtu, kama mkasa ufuatao unavyoonyesha.

Therac-25 ilikuwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, iliyotengenezwa na shirika la serikali ya Kanada, Atomic Energy of Canada Limited. Iliongozwa na kompyuta, na hata mfumo wa kugawa kazi ndani ya kompyuta hiyo uliandikwa maalumu kwa ajili yake. Tarehe 21 Machi 1986, katika hospitali moja ya mji wa Tyler, jimbo la Texas, mwendeshaji wa mashine aliandika herufi moja isiyo sahihi, akarudi nyuma kwa kitufe cha mshale, akaisahihisha na kuendelea. Mashine ikasimama na kuandika "Malfunction 54". Mgonjwa aliyestahili kupata radi 180 inakadiriwa alipata kati ya 16,500 na 25,000. Alifariki miezi mitano baadaye.

Wahandisi wa kampuni walikuja, wakaijaribu mashine, wasilipate kosa lile. Walisema haiwezekani mashine hiyo kumzidishia mtu mionzi. Labda mgonjwa alirushwa na umeme. Mafundi wa umeme wakapima, wasione hitilafu. Tarehe 7 Aprili mashine ilirudishwa kazini. Tarehe 11 Aprili, kwa mwendeshaji yule yule, "Malfunction 54" ikatokea tena. Mgonjwa wa pili alifariki tarehe 1 Mei.

Safari hii mwanafizikia wa hospitali aliisimamisha mashine. Yeye na mwendeshaji wakaketi mbele ya kioo wakirudia kila hatua, mpaka wakagundua siri: kosa hutokea mtu akisahihisha maandishi kwa haraka. Sumaku za mashine zilichukua kama sekunde 8 kujipanga, na masahihisho yaliyoandikwa ndani ya muda huo hayakuonekana na sehemu nyingine ya programu. Mhandisi wa kampuni alipojaribu mwenyewe hakulipata, mpaka alipoambiwa aandike upesi. Hapo ubishi ukaisha.

Ndugu msomaji, tazama vizuri. Mwanagenzi anayetafuta herufi kwa kidole kimoja asingelipata kosa hili. Lilimngoja mfanyakazi aliyeizoea kazi yake. Na bila maelezo ya mfanyakazi huyo, wahandisi wote wale wangeendelea kusema haiwezekani.

NAMNA YA KUANDIKA TAARIFA

Watengenezaji wa Linux wameweka utaratibu wao wa kupokea taarifa, na utaratibu huo unafaa kwa mtambo wowote.

1. Andika jina la mtambo na namba ya toleo la keneli au programu. Ikiwezekana, jaribu toleo jipya kabisa, kwani huenda kosa limekwisha kutengenezwa.

2. Nakili maneno yote ya kioo kama yalivyo, au yapige picha kwa simu. Usiseme tu, "Iliandika maneno fulani." Yakitokea makosa mengi mfululizo, la kwanza ndilo lenye maana zaidi, mengine mara nyingi ni matokeo yake.

3. Andika hatua moja moja tangu kuwasha mpaka kuzimika. Taja na yale yanayoonekana madogo: ulibonyeza kwa haraka au polepole, kifaa gani kilikuwa kimechomekwa, mtambo ulikuwa na kazi nyingi au chache. Punguza hatua zisizohitajika mpaka zibaki zile tu zinazoleta kosa.

4. Sema linatokea mara ngapi. "Mara 8 katika 10" ni bora kuliko "kila siku linatusumbua".

5. Sema kama toleo la zamani lilifanya kazi vizuri. Kwa watu wa Linux hili ni jambo zito: badiliko linaloharibu kilichokuwa kizima halikubaliwi, litengenezwe au liondolewe. Ukijua toleo zima na toleo bovu, unajaribu lililo katikati, kisha nusu ya lililobaki, na kuendelea hivyo. Katika mabadiliko 1,000, majaribio kama 10 yanatosha kulipata lenye kosa.

6. Taja kitu chochote cha nje kilichoongezwa ndani ya keneli. Keneli ya namna hiyo hujiwekea alama kwamba imetiwa doa, na watengenezaji watakuomba ujaribu bila kitu hicho.

7. Kosa moja, taarifa moja. Ipeleke kwa anayehusika na sehemu hiyo. Linux ina orodha ya wasimamizi wa kila sehemu. Kwa mtambo wa kiwandani, ni aliyeuuza au aliyeutengeneza.

TAHADHARI

Kurudia kosa kufanyike kwa ruhusa, mtu asiwepo karibu na sehemu zinazozunguka, na kumbukumbu za kazi ziwe zimenakiliwa mahali pengine. Mashine inayoweza kuumiza watu ikionyesha kosa lisiloelezeka, kwanza isimamishwe, ndipo ichunguzwe. Pale Tyler mashine ilirudishwa kazini kwa sababu tu kosa halikuonekana tena. Lakini kutoonekana kwa kosa si uthibitisho kwamba halipo.

Mwisho, weka nakala ya taarifa yako yenye tarehe na saa, na nyingine umpe mwakilishi wa wafanyakazi. Maneno matupu husahaulika, na baadaye huambiwa ulikuwa mzembe. Karatasi yenye hatua saba ambazo mtu yeyote akizifuata mashine itazimika mbele ya macho yake haiwezi kuitwa uzembe. Fundi ataifuata, ataona, na atatengeneza.