Betri ndogo inayozima mashine ya michezo

Mashine nyingi za michezo ya sarafu kutoka Japani, za miaka ya 1980 na 1990, hutupwa kwa ajili ya kipande kimoja kidogo kisichobadilishwa kwa wakati.

Mfano ni bodi ya CPS-2, ambayo kampuni Capcom iliitoa mwaka wa 1993 pamoja na mchezo Super Street Fighter II. Betri yake hulinda ufunguo wa siri wa programu. Ikiisha, ufunguo unafutika, na kioo kinabaki na rangi moja tupu. Baadaye mafundi walipata njia ya kurudisha ufunguo huo. Bodi zilizohesabiwa kuwa zimekufa zikaanza kuwaka tena.

Matengenezo mengine ni ya kawaida: kubadilisha kondansateri zilizokauka na kulehemu upya kwa bati, madini yanayotoka katika kasiterite kama ile inayochimbwa Kivu.

Kioo kinataka uangalifu zaidi. Kinaweza kubaki na umeme mkali hata mashine ikizimwa, na ndani yake mna risasi, ambayo ni sumu. Kukitunza kunaongeza maisha ya mashine na kunaepusha sumu hiyo kufika jalalani.