Ukiacha Nyumba Uishi Ndani ya Gari, Pesa Zako Zitalala Wapi?

Kila mwisho wa mwezi, meseji nyingi tunazopokea huwa za kodi ya nyumba. Mwenye nyumba amebadilisha Paybill. Nimekosea nambari moja. Nimelipa mara mbili, nisaidieni. Haya tumeyazoea. Lakini mwaka jana tulipata swali ambalo hatukuwa tumelizoea: "Nikihama nyumba nianze kuishi ndani ya gari langu, bado nitakuwa mteja wenu? Ama lazima niwe na plot?"

Jibu la haraka ni ndiyo, bado utakuwa mteja wetu. Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho chako, si kwa mlango wako. Hata hivyo tulitaka kujua zaidi, kwa hivyo tulimpigia simu. Alikubali tuandike habari yake bila kutaja jina.

Yeye ni fundi wa sola. Anafunga paneli na kurekebisha pampu za maji kuanzia Nanyuki hadi Isiolo, na wakati mwingine anafika Marsabit. Alikuwa amepanga chumba Thika kwa shilingi 9,500. Ukiongeza maji, taka na tokeni za stima, chumba kilimgharimu kama shilingi 10,800 kwa mwezi. Siku moja alihesabu ni usiku mingapi alikuwa analala humo. Ilikuwa saba.

"Nilikuwa nimepangia godoro nyumba," alituambia. "Mimi mwenyewe nalala lojing'i."

Ukigawanya 10,800 kwa saba, unapata zaidi ya shilingi 1,500 kwa usiku mmoja. Lojing'i aliyokuwa akilala Isiolo ilikuwa 800.

Si jambo geni kama tunavyofikiri

Kwenye mitandao, maisha ya kwenye vani yanaonekana kama ya wazungu: kitanda cheupe, mlango umefunguliwa, bahari mbele. Jina lenyewe la vanlife lilipata umaarufu kuanzia 2011, wakati Foster Huntington, kijana Mmarekani, alipoacha kazi New York, akanunua Volkswagen na kuanza kusambaza picha za safari zake. Lakini kuna upande mwingine. Kitabu cha Jessica Bruder cha 2017, Nomadland, kiliwafuata Wamarekani wazee waliohamia kwenye magari kwa sababu kodi na mikopo ya nyumba iliwashinda. Filamu iliyotokana na kitabu hicho ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka wa 2021.

Hapa kwetu, nyumba inayohama ina historia ndefu kuliko vani. Wagabra na Warendille wa Marsabit wana nyumba ambazo akina mama hubomoa, wakapakia miti na mikeka juu ya ngamia, na kuzisimamisha tena penye malisho. Na ukipita Mlolongo au Salgaa usiku, yale malori yaliyopangana kando ya barabara yana watu wamelala ndani. Dereva wa masafa marefu, anayetoka Mombasa kwenda Malaba na kuvuka, ameishi kwenye gari kabla neno vanlife halijafika Kenya.

Madereva hao wanaijua shida ya fundi wetu vizuri kuliko sisi. Ukiwa huna nyumba, huna mahali pa kuficha kitu. Zamani pesa za mafuta na za njiani zilikaa kwenye soksi au chini ya kiti. Tangu pesa za simu zianze nchini 2007, zinakaa kwenye laini. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini pia inamaanisha kwamba simu yako sasa ndiyo nyumba, kabati na benki.

Kununua gari: pole pole na deposit

Fundi wetu alipata Toyota HiAce iliyokuwa matatu, kwa shilingi 620,000, pesa alizokuwa ameweka kwenye SACCO kwa miaka sita. Muuzaji alitaka deposit ya shilingi 50,000 siku hiyohiyo, "kwa sababu kuna mtu mwingine anakuja na cash." Fundi akakataa. Kwanza alitafuta rekodi za gari NTSA kupitia eCitizen, akaona jina la mwenye gari si la yule aliyekuwa akimpigia simu. Kumbe alikuwa broka. Si kosa kuwa broka, lakini pesa zilipaswa kwenda kwa mwenye logibuku.

Tunakuomba ufanye hivyo hivyo. Usitume deposit ya gari ambalo hujaliona kwa macho. Jina likitokea kwenye simu kabla hujathibitisha, lisome, ulilinganishe na lile la kwenye logibuku. Na kumbuka kwamba kiwango cha juu cha muamala mmoja wa pesa za simu ni shilingi 250,000. Kwa hivyo muuzaji akikuambia uvunje bei ya gari vipande vipande ukatumie nambari tofauti tofauti, simama. Pesa kama hizo zipitishe benki, na mwandikiane.

Gari la zamani la matatu lina jambo lingine. Lina ule mstari wa manjano ulioletwa na sheria za Michuki mwaka wa 2004, na viti vya abiria. Ukiung'oa mstari, ukatoa viti na kuweka kitanda, mabadiliko hayo ya rangi, bodi na matumizi yanafaa yaandikwe NTSA. Usipofanya hivyo, utasumbuliwa barabarani, na siku ya ajali kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa kwa sababu gari iliyomo kwenye karatasi si hiyo unayoendesha.

Hesabu ambayo hakuna anayekuonyesha

Tulimwomba fundi atuonyeshe hesabu zake, akafungua stetimenti yake ya simu. Tunakushauri ufanye hivyo kabla ya kuamua chochote; stetimenti haina huruma.

Kabla ya gari, kila mwezi alilipa 10,800 za chumba, 12,000 za lojing'i kwa usiku kumi na tano, na kama 5,500 za nauli, kwa sababu paneli na betri hutozwa kiti. Jumla 28,300. Usiku uliobaki alilala kwa wateja au kwa mamake.

Baada ya gari: kambi za kulipia, 4,000. Soja wa vituo vya mafuta anakoegesha usiku, 2,400. Maji na bafu, 1,600. Sehemu ya bima kwa mwezi, 3,000. Kutengeneza gari na matairi, 6,000. Mafuta, 9,000. Jumla 26,000.

Tofauti ni shilingi 2,300 pekee. Ukisikia mtu akisema kuishi kwenye gari ni bure, muulize anapata wapi matairi. Faida ya fundi haikuwa kwenye kodi. Ilikuwa kwamba vifaa vyake vyote viko naye, na mteja wa Timau akipiga simu saa kumi na mbili asubuhi, yeye ndiye wa kwanza kufika.

Lakini kuna kosa alilofanya miezi minne ya kwanza, na ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Ile 6,000 ya kutengeneza gari hakuiweka. Gari halikuharibika, kwa hivyo aliona ni pesa zake. Alinunua friji ndogo. Alituma nyumbani zaidi ya kawaida. "Nilijiona tajiri," alisema.

Kisha giaboksi ikakufa karibu na Laisamis, Jumapili, kwenye ile barabara ndefu ya Isiolo kwenda Marsabit. Kuvutwa, fundi na giaboksi ya mitumba vilifika shilingi 48,000. Kwenye simu alikuwa na 11,000. Alikopa kwenye programu tatu za mikopo usiku huo, akiwa amekaa ndani ya gari ambalo pia lilikuwa nyumba yake, na hivyo halingeweza kuachwa gereji akaenda kulala kwingine. Alilipa mikopo hiyo kwa miezi mitatu, na mmoja ulichelewa.

"Kodi inajulikana ni tarehe tano," alituambia. "Giaboksi haina tarehe."

Hatusemi usikope. Sisi wenyewe tunaona mikopo midogo ikiokoa watu kila siku. Ila mkopo wa kukimbilia, wa usiku, bila kusoma ada, huwa ghali. Na anayeishi kwenye gari anahitaji kujua kwamba gari likiharibika, amepoteza usafiri, kazi na kitanda kwa siku moja.

Mambo aliyobadilisha, nasi tunayapendekeza

*Mlipe mwenye nyumba hata kama hayupo.* Fundi alifungua akiba ya kufunga kwenye simu, akaipa jina "Mwenye Nyumba". Kila tarehe tano anatuma 6,000 kabla hajanunua kitu kingine. Tarehe aliichagua kwa makusudi, kwa sababu mwili ulikuwa umeizoea.

*Weka pesa ya kurudi.* Hii ni tofauti na pesa ya gari. Ni kodi ya mwezi mmoja na deposit ya chumba cha kawaida mahali ambapo ungependa kuishi. Usiiguse kwa sababu ya tairi.

*Usibebe kila kitu kwenye laini moja.* Pesa za mafuta na chakula ziwe kwenye simu unayotumia. Zingine ziwe kwenye akiba. Kitambulisho kikae mbali na simu, kwa sababu ukiibiwa vyote pamoja, kurudisha laini kutakuchukua siku nyingi. Andika kwenye karatasi nambari za watu wawili unaowaamini na nambari yetu ya huduma. Simu ikipotea, azima ya mtu utupigie mara moja tufunge akaunti.

*Panga pesa kulingana na mtandao.* Ukitoka Marsabit kuelekea North Horr na Chalbi, kuna masaa mengi bila netiweki. Tuma, lipa na ununue bando kabla ya kuondoka. Beba pesa taslimu kidogo, kwa sababu katika vituo vidogo wakala anaweza kuwa na float lakini hana noti. Siku ya soko, nenda mapema. Kwa upande mwingine, mbuga za KWS hulipiwa kupitia eCitizen, kwa hivyo usifike langoni na noti ukitegemea zitapokewa.

*Tafuta anwani.* Huko Marekani, wanaoishi kwenye magari wengi huchukua leseni ya South Dakota, kwa sababu jimbo hilo hukubali risiti ya kulala usiku mmoja. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Sanduku la posta la nyumbani linatosha, au huduma ya MPost, ambayo hugeuza nambari yako ya simu kuwa anwani ya posta. Muhimu zaidi, hakikisha mtu wa karibu anajua laini yako na akiba zako zilipo. Jirani wa plot hugundua usipoonekana siku mbili. Kwenye gari hakuna jirani.

*Usiwashe jiko la makaa ndani.* Hili si la pesa, lakini hatuwezi kuliacha. Nanyuki na Nyahururu kuna baridi, na mtu hushawishika kuingiza jiko ndani na kufunga madirisha. Moshi wa makaa usioonekana huua mtu akiwa amelala. Vaa sweta, ongeza blanketi.

Mwezi wa Aprili

Mwaka huu wakati wa masika, mamake fundi aliteleza kule Karatina akavunjika nyonga. Alihitaji mtu wa kumsaidia kuinuka na kumpeleka kliniki, na nyumba ya mama ina kitanda kimoja. Fundi alipata chumba hatua chache kutoka hapo. Kodi 5,500, deposit 5,500. Alizitoa kwenye pesa ya kurudi, akalipa siku hiyohiyo bila kumpigia mtu yeyote simu ya kuomba. Gari lilikaa uani kwa mama miezi mitatu, kuku wakilala chini yake.

Tulipomuuliza kama hiyo ilimaanisha ameshindwa na maisha ya gari, alicheka. "Hapana. Nilihama nikiwa na pesa ya kurudi. Wengi huhama bila."

Sasa mama anatembea kwa mkongojo, na fundi yuko barabarani tena. Deposit ilirudishwa, akaiweka palepale alipoitoa. Tarehe tano iliyopita alitutumia picha ya meseji yake ya kuthibitisha: shilingi 6,000 zimepokelewa na Mwenye Nyumba.

Je, nawe unaishi safarini, kwenye lori, vani au boti? Tuandikie utuambie unavyopanga pesa zako. Na kama kawaida, hatutawahi kukupigia simu kukuuliza PIN. Anayekuuliza si sisi.